Maneno Mazuri ya Madam

Madam hakutaka kusikia "sorry" katika darasa lake. Ukichelewa, ukimkanyaga mwenzako, ukiangusha chaki, ungeweza kusema kitu kingine chochote au unyamaze kabisa, lakini si hilo.

"Sorry ya nini?" angeuliza, na angesubiri jibu kweli. "Umeua mtu? Haya, kaa chini. Huko unakokwenda utaisema sorry mpaka wadhani ndilo jina lako."

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja katika ghorofa ya pili, nyuma ya stendi ya Nakuru, juu ya duka la mabati na rangi. Mlango uliofuata ulikuwa wa ajenti anayepeleka wasichana Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Ajenti alitaka tuondoke tukijua Kiingereza cha kutosha, na Madam ndiye aliyewekwa atufundishe kwa zile wiki tulizokuwa tukingojea viza. Tulikuwa kama kumi hivi, kutoka Njoro, Kariandusi, Keringet. Mimi nilitoka Elburgon, ambako baba yangu alipasua mbao maisha yake yote hadi mashine zikazimwa, akabaki anakaa mbele ya nyumba akitazama msitu kama mtu aliyegombana nao.

Jina la Madam ninalijua. Hatukulitumia wakati ule, na hata leo nikimpigia simu namwita Madam.

Alikuwa mfupi, mnene, wa buibui jeusi na raba nyeupe zilizofungwa kamba kwa mkazo, kana kwamba wakati wowote angetakiwa kukimbia. Watu wake ni Waislamu wa Bondeni, mtaa wa hapohapo Nakuru, babu zao walikuja kutoka pwani na hawakurudi. Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Sisi tukisema "hiyo mlango," alifumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu. Lakini hakutusahihisha. Alisema hakuletwa pale kwa ajili ya Kiswahili.

Alikuwa amefanya kazi Ghuba miaka mingi kabla yetu. Msichana mmoja alimuuliza kwa nini hatufundishi Kiarabu, na yeye anakijua.

"Kiarabu utakiokota jikoni," Madam alisema. "Ndicho watakachokuagizia kazi. Kiingereza ni cha polisi, cha hospitali, na cha uwanja wa ndege. Siku utakayokihitaji, utakihitaji sana."

Hakukaa akiupa mlango mgongo. Hata katika kibanda cha chai aliomba tubadilishane viti. Na popote alipokwenda alibeba pasipoti yake katika kimfuko cha kitambaa alichokivaa ndani ya nguo, ingawa pasipoti yenyewe ilikuwa imekwisha muda zamani. Tuliona siku moja sokoni alipokuwa akitafuta chenji ya nyanya. Muuza nyanya akamtania, "Mama, unasafiri leo?" Madam akacheka pamoja naye, akairudisha ndani, akabonyeza kifuani kuhakikisha imekaa.

*

Ilikuwa asubuhi ya mvua alipotuambia kwamba siku hiyo angetupa maneno mazuri kuliko yote ya lugha ya Kiingereza. Tulifurahi. Siku zote tulikuwa tumefundishwa majina ya vyombo na sabuni.

"Kwanza semeni nyinyi," alisema. "Nataka kusikia."

"Love," mmoja akasema, na wote tukapiga kelele.

"Honeymoon."

"Mimi naonanga ni salary," akasema yule wa Kariandusi, na hata Madam akacheka.

Karibu yangu alikaa Chebet. Chebet alikuwa msichana mrefu wa Keringet, mpole, mwenye mtoto mdogo aliyemwacha kwa mama yake. Alizungumza Kiingereza polepole, akiweka kila neno chini kama anayepanga mayai.

Madam akageuka kwenye ubao, akaandika: No. Akaandika tena: Stop. Halafu: Give me my passport. Mwishowe: I am going home. Akapangusa mikono.

"Madam, hapo uzuri uko wapi?" yule wa Kariandusi akauliza. "Hiyo ni maneno ya kugombana."

"Utaona."

Akaenda kwenye mlango, akaufunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Akakaa juu ya meza. "Mimi sasa ni mama mwenye nyumba. Nataka mtoke humu ndani. Atakayenifanya nifungue, nampa chai."

Tulijaribu. Mmoja akasema, "Please, Madam, sorry, I request to go out." Mwingine akapiga magoti akicheka. Mimi nilisema naumwa na tumbo. Madam alitutazama tu kama ukuta. Tulizidi kucheka, na ndipo alipokasirika kweli.

"Hicho kicheko! Nyinyi mkiogopa mnacheka. Huku kwetu kila mtu anajua mnaogopa. Kule wakiona unacheka wanajua umekubali."

Chebet akasimama. Hakutabasamu, hakuinamisha kichwa. "Open the door," akasema. Hakuongeza kitu. Akabaki amesimama, mikono imelala ubavuni.

Madam akashuka mezani, akafungua mlango wazi, akampigia makofi peke yake. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sisi tukatazamana, hatukuelewa kwa nini mtu alie kwa mchezo wa darasani. Tangu siku hiyo Chebet ndiye aliyekuwa mfano. Tukishindwa kusema neno bila kuchekacheka, Madam angesema, "Chebet, waonyeshe." Naye angetuonyesha, kwa sauti ileile, hadi ikawa kama ni yake yeye, si ya kufundishwa.

*

Lakini usidhani Madam alikichukia Kiingereza. Ukimkuta peke yake, mchana, akimenya chungwa kwenye ngazi, ungesikia akijisemea vitu. Siku moja nilimkuta akisema "marmalade" mara kwa mara, kama mtu anayeonja supu.

"Sikia lilivyo," aliniambia. "Linatembea mdomoni. Chenyewe hicho kitu, jamu ya machungwa, ni kichungu, sikipendi. Neno lake ndilo tamu."

Alipenda "lullaby," wimbo wa kumbembeleza mtoto. Alipenda "umbrella" kuliko "mwavuli," na aliomba radhi kwa babu zake aliposema hivyo. Nikamuuliza aliyapata wapi maneno ya namna hiyo, maana hayakuwa ya kufulia nguo.

Ndipo aliponieleza kuhusu bibi mgonjwa. Katika nyumba ya mwisho aliyofanyia kazi, alikabidhiwa mama mzee aliyepooza upande mmoja. Mzee huyo alikuwa amesoma Uingereza ujanani, na hakuna mtoto wake aliyekuwa na muda wa kuketi naye. Basi akamfanya Madam amsomee: kwanza maandishi ya chupa za dawa, baadaye magazeti ya zamani, baadaye vitabu. Madam akikosea, mzee alimgonga goti kwa fimbo yake ya kutembelea. Akisoma vizuri, alimwambia aketi kitandani, wanywe chai katika vikombe vya wageni.

"Alinifundisha kila kitu nilicho nacho," Madam alisema. "Alipokufa nililia kuliko binti zake. Mimi ndiye niliyesaidia kumuosha. Nikainua godoro nitoe shuka. Pasipoti yangu ilikuwa pale chini. Miaka yote ile nikiuliza iko wapi, yeye ndiye aliyeilalia."

Alitafuna kipande cha chungwa mpaka kikaisha.

"Ukafanya nini, Madam?"

"Nikaichukua, nikamaliza kumuosha. Nilimpenda yule bibi na nilimchukia, na vyote viwili kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningeshindwa."

Kuna watu waliomsema vibaya, na hawakuwa waongo. Walisema: huyu mama anawafundisha wasichana kutoroka, na wakati huohuo yeye ndiye anayewasindikiza. Kama anajua kulivyo, mbona asisimame barabarani awazuie? Mbona anakaa ukuta mmoja na ajenti? Nilimuuliza hilo pia, siku chache kabla ya kuondoka, maana hofu ilikuwa imenipa ujasiri.

Hakukasirika. "Nikiwaambia msiende, mtabaki?"

Nilimfikiria baba yangu pale mbele ya nyumba. Nikasema hapana.

"Basi. Kwenda mtakwenda. Mimi naangalia tu mmebeba nini."

Jibu hilo lilinitosha siku ile. Sijui kama yeye lilimtosha. Jioni hiyo nilimwona akiwa amesimama nje ya ofisi ya ajenti, mkono umeinuliwa kubisha, na hakubisha.

*

Nilikwenda, nikamaliza mkataba wangu, nikarudi. Nilifungua saluni ndogo hapa mjini. Madam aliposikia nimerudi alinipigia simu nije darasani wasichana wapya wanione. Alipenda kuwaonyesha aliyerudi na miguu yake miwili. Hivyo ndivyo alivyosema, na sikulitilia maanani.

Nilisimama mbele. Waliniuliza juu ya joto, juu ya chakula, kama ni kweli watu wa huko wanalala mchana. Nilikuwa nawajibu na wanacheka, Madam amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anatazama mlango kama kawaida yake. Ndiye aliyewaona kwanza. Akasimama.

Chebet alikuwa mlangoni, amejishika kwenye mkongojo, na mjomba wake nyuma yake amembebea mkoba. Mguu mmoja ulikuwa umepinda kwenye nyonga na hakuweza kuukanyagia. Alikuwa amekonda hadi buti la mjomba lilionekana zito kuliko yeye mzima. Walikuwa wametoka kwa ajenti, kumdai vyeti vyake, na ofisi ilikuwa imefungwa.

"Chebet," Madam alisema. "Chebet, mama. Ingia. Mpeni kiti."

Chebet akaketi, akatusalimia wote. Akawaangalia wale wasichana wapya, akaangalia ubao. Maneno yalikuwa pale, yaleyale manne.

"Nilisema, Madam," akasema.

"Ulisema nini?"

"Yote. Walikuwa wananifanyisha kazi kwao, halafu nikimaliza wananipeleka kwa dada ya mama mwenye nyumba nifanye na huko. Nikakosa usingizi mpaka nikaanza kuanguka. Nikasema no. Wakaniambia nirudi jikoni. Nikasema stop. Nikaomba pasipoti. Nikasema naenda nyumbani." Aliinua uso. "Nilisema vizuri, Madam. Sikucheka. Sikukosea hata neno moja."

"Wakasemaje?"

"Yule mama akaniuliza, 'Who taught you English?' Akaita dada yake aje asikie. Wakanifanya niseme tena. Halafu wakanifungia kwa chumba."

Chumba hicho kilikuwa juu, na kilikuwa na dirisha. Hakutueleza habari za dirisha. Mjomba ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Aliruka," kisha akatazama sakafu.

Hakuna aliyelia. Msichana mmoja wa nyuma alifunga kitabu chake polepole. Madam alikuwa bado amesimama, na mkono wake ulikuwa kifuani juu ya kile kimfuko, umekibana.

Chebet ndiye aliyejaribu kumsaidia. "Si makosa yako, Madam. Hata daktari huko aliniambia Kiingereza yangu ni mzuri. Nimekuja kusema asante."

Ingekuwa afadhali angemtukana.

*

Wiki iliyofuata Madam hakufika darasani, wala wiki nyingine. Ajenti akatafuta mwalimu mwingine, kijana nadhifu wa tai, aliyewafundisha wasichana kusema "It is my pleasure" na "Right away, Madam." Nimesikia walimpenda. Alikuwa anawachekesha.

Madam aliponipigia simu tena alitaka nimsindikize Keringet. Alikuwa amenunua unga, sukari na shuka mbili. Nyumba ya mama yake Chebet iko mwishoni mwa mashamba ya viazi, na ilikuwa baridi ile ya huko inayoingia kwenye meno. Chebet alikuwa amepelekwa hospitali ya misheni kufanyishwa mazoezi ya mguu, hatukumkuta. Tulimkuta mama yake, na yule mtoto akicheza na kifuniko cha sufuria.

Mama alitupa maziwa na viazi vya kuchemsha. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alimtazama Madam muda mrefu.

"Wewe ndiye mwalimu ya Kiingereza?"

"Ndiye mimi, mama."

"Chebet anaongea mzuri sana," mama akasema. "Usiku akiota anaongea Kiingereza. Mimi sisikii anasema nini. Unaweza kuniambia?"

Madam aliweka kikombe chini. Nilidhani angemweleza, kwa kuwa sote wawili tulijua. Lakini alisema, "Anasema anarudi nyumbani, mama." Na mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamwita mtoto aje amsalimu mgeni.

Tuliporudi barabarani, Madam aliketi kwenye jiwe kungoja gari. Akavua kiatu, akatoa kokoto, akakaa nacho mkononi muda mrefu bila kukivaa. "Nilimchagua yeye," akasema. "Afadhali ningewaacha nyote mcheke."

*

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, baada ya Idi. Nilimpelekea mafuta ya nywele aliyoniagiza. Anakaa kwa kaka yake, nyumba ya uani, na siku hizi anashona vitambaa vya meza. Amepungua mwili. Tulizungumza kwa Kiswahili tu. Nilipochanganya neno la Kiingereza, kama tunavyochanganya sisi sote, alinisubiri nilitafute la Kiswahili, bila ukali, kama vile hakulisikia.

Chumbani kulikuwa na sanduku jipya la magurudumu, bado lina plastiki.

"La nani, Madam?"

"La Zuhura."

Zuhura ni binti ya kaka yake. Nilimfahamu akiwa anavaa yunifomu. Amepata viza, Madam aliniambia, kupitia ajenti mwingine, wa Nairobi. Baba yake ameshakubali. Alisema haya huku akiendelea kushona, na nilipotazama nikaona anachoshona si kitambaa cha meza. Alikuwa anaweka mfuko wa ndani katika gauni la kulalia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia nini? Nimemwambia habari za Chebet. Nimemleta Chebet mwenyewe hapa, akakaa hapo ulipokaa wewe. Zuhura alilia. Kesho yake akaenda kupigwa picha za viza." Alikata uzi kwa meno. "Anataka nimfundishe. Kila siku ananiuliza, 'Shangazi, na mimi nifundishe yale maneno.' Siwezi kufungua mdomo."

Kutoka uani kulisikika ndoo zikijazwa. Halafu akaweka sindano chini na kunitazama, na nikaona kwamba hakuniagiza mafuta kwa sababu ya mafuta.

"Wewe ulirudi," alisema. "Nataka uniambie ukweli, usiniheshimu. Kati ya yale maneno, ulitumia lipi?"

Nilikumbuka bafu la nyumba ile ya Ghuba, nilivyokuwa nikijifungia ndani na kuyasema mbele ya kioo, usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu. Nilikumbuka mama mwenye nyumba aliyekuwa akinibishia mlango kuuliza kama nimekula. Pasipoti yangu ilikaa juu ya friji, wazi, pamoja na bili za umeme.

"Hakuna, Madam," nikasema. "Sikutumia hata moja. Nilipata watu wazuri."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayehesabiwa kitu anachokijua tayari. Uso wake haukubadilika.

"Basi ilikuwa hivyo tu."

"Ilikuwa hivyo tu."

Pazia likafunguliwa, Zuhura akaingia na ndoo, mikono imelowa, akanisalimu kwa furaha kwa sababu alijua mimi ni nani na nilitoka wapi. Akajipangusa kwa leso, akaketi mkekani mbele yangu, karibu kabisa, magoti yake yakigusa yangu.

"Dada," akasema, "shangazi amekataa. Nifundishe wewe. Mtu akifika huko, anajuaje hawa ni watu wazuri?"

Nilimgeukia Madam. Alikuwa ameinua lile gauni, analitazama kwenye mwanga, anavuta mshono kwa vidole viwili kuona kama utashika.